Mjumbe wa Getini

Lushoto,
Mwezi wa Sita, 1952

Kwa kaka yangu mpenzi Darweshi,

Shikamoo. Ipokee hata kama inakujia kwa karatasi, na usijifanye hukuisikia. Natumaini u mzima huko chini kwenye joto, na kama homa imekupitia basi Mungu aiondoe. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Ukungu unaingia mpaka jikoni na kuni hazitaki kushika moto. Watoto wangu wanakua. Huyu mdogo amechukua sura yako na ukaidi wako, nami nashukuru kwa hilo la kwanza tu. Mama hajambo, ila macho, na habari ya macho nitaifikia. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwa mkaa juu ya ubao wa mlango, baba akatuchapa sote wawili, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ujilaumu.

Utacheka ukisikia kwamba mdogo wako siku hizi ni mwanakamati. Naam, mimi Mwamvita, nakaa kwenye benchi na wanaume na nikinyoosha mkono naambiwa niseme! Kuna mwalimu mmoja wa Mlalo, Leonard, alirudi kutoka masomoni Tanga na wazo kichwani. Alitaka shule zikifungwa, watoto wa Vuga na Soni na Mlalo na wa hapa mjini, wa msikitini na wa kanisani, wakae pamoja wiki moja kwenye nyumba kuukuu aliyoiacha yule Mdachi juu ya mto. Wapande miti, wajifunze useremala, wacheze mpira, waimbe. Kazi ni ya kujitolea, hatulipwi hata chumvi. Mwalimu ndiye mwenyekiti, na ana filimbi anayoipenda kuliko mkewe. Shabani, yule mwenye duka Soni, anashughulikia vyakula. Mimi niko jikoni. Mwalimu alisema wanihitaji kwa sababu najua kupikia umati, lakini ukweli ni kwamba hakuna mwingine anayeweza kumnyamazisha Shabani.

Basi sikiliza tulivyoanza. Siku ya gulio pale Soni, Mwalimu alimpa mpiga mbiu maneno ya kutangaza, kwamba kila mzazi alete mtoto wake aandikishwe kwenda kambini. Alisema hivyo hivyo, kambini. Loo, kaka! Hata mbiu haijamaliza kuzunguka, gulioni hakuna mtoto. Wanawake waliacha makabichi chini wakakimbia na watoto migongoni, wengine wakawaficha migombani. Bibi mmoja alimfunika mjukuu wake kwa tenga na kulikalia, akaendelea kuuza vitunguu. Mwalimu alibaki amesimama na kalamu yake, akauliza wamepatwa na nini watu hawa.

Maskini, yeye wakati wa vita alikuwa shuleni mbali. Hakuwapo watu wa zumbe, chifu wetu, walipopita nyumba kwa nyumba kukusanya vijana kwa ajili ya mashamba ya katani. Hakuwasikia wakisema kwamba ni kambini tu, miezi michache, kisha watarudi. Wewe unajua. Ulitoka na blanketi la buluu begani, ukamwambia Mama asisumbuke kukusindikiza kwa sababu kambi haiko mbali. Vita vikaisha, wenzako wakapanda mlima, wewe hukupanda. Mwanzo zilikuja salamu, kisha ikaja kanga ya Mama, kisha kimya.

Nilimweleza Mwalimu hayo yote mbele ya kamati, na kwa hasira, maana mtu aliyesoma anapaswa kuuliza kabla ya kupiga mbiu. Akatubu pale pale. Tukakaa kutafuta jina jingine. Yeye alileta jina refu ambalo hata mwenyewe alilikosea kulirudia. Shabani akataka tuite Ghala la Watoto. Nikamwambia akaweke mchele wake ghalani, watoto aniachie mimi. Mwisho tukakubaliana kuita Matembezi, kwa kuwa mtoto anayekwenda kutembea kwa jirani kila mtu anajua atarudi. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Neno lilikuwa limefika Vuga, limefika Mlalo, na hakuna mzazi aliyetaka kutuona.

Mtu mmoja tu aliitikia mbiu ile. Mama yetu. Gulio lililofuata alimwendea Mwalimu na kifurushi kichwani, ndani yake viazi vya kuchemsha na shuka jipya, akamuuliza hiyo kambi iko wapi, kwa maana ana mtu wake ndani. Mwalimu alidhani anazungumzia mjukuu. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia, nikataka ardhi inimeze. Nilijaribu kumweleza kwamba kambi ya Mwalimu si ile. Akanijibu kwamba boma ni boma popote lilipo, basi na kambi ni kambi, nisimfundishe kuongea.

Tulianza na watoto wachache tu, wetu wenyewe wanakamati na wa majirani tuliowabembeleza. Jumamosi ya kufunga, wazazi walikuja getini kuwapokea, na Mama naye akaja. Mwalimu akapuliza filimbi, watoto wakatoka wakikimbia, kila mmoja akadakwa na wake. Mama alisimama mpaka wa mwisho akapita. Akachungulia nyuma yake. Kisha akamuuliza Mwalimu kama ndio wote. Mwalimu akasema ndio wote, mama. Akasema haya, labda awamu nyingine, akajitwisha kifurushi chake akaondoka. Mwenyekiti wetu alikwenda nyuma ya stoo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi wa jiko langu.

Tangu hapo hakosi. Kila likizo yuko getini tangu siku ya kufungua, anawaamkia watoto kwa Kishambaa, anawauliza ni wa ukoo gani, anawafunga vifungo. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kaka. Wanawake walianza kuambiana kwamba Mama Darweshi mwenyewe, ambaye kambi ilimla mwanawe, amekaa pale anahesabu wanaotoka. Wakasema basi akikaa yeye, wetu watatoka. Sasa watoto wanajaa mpaka wengine tunawalaza ukumbini. Wala si kwa filimbi ya Mwalimu! Shabani ndiye aliyesema kwenye kikao kwamba si haki mzee yule kusimama. Kamati ikampa kiti, ikamwita mjumbe wa getini.

Sasa nifikie ninalotaka kusema, maana nimezunguka sana na wino unakwisha.

Shabani alikuona Korogwe. Alikuita kwa jina lako, ukageuka, ukamtambua, kisha ukaingiza mkono ndani ya koti ukapotea katikati ya watu. Aliulizauliza, akaambiwa habari ya mashine ya katani. Kaka, tunajua. Mkono tunaujua. Nililia mpaka nikaishiwa, halafu nikakukasirikia vibaya sana, na hasira hiyo bado ninayo, uje uichukue.

Nilimwambia Mama tukiwa tunamenya viazi mchana. Hakuacha kumenya. Aliuliza ni mkono upi, nikamwambia wa kulia. Akasema kwamba basi ndiyo maana, mtoto anaona haya kula kwa kushoto mbele za watu. Akasema atakulisha yeye, kwani si alishawahi? Na kama unafikiri huna la kufanya huku bila jembe, nikuulize kwa niaba yake, je, alikuzaa uwe mpini?

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema tangu Jumamosi ile ya kwanza alikwisha kujua kwamba kambi ile si yako. Alipoona vichwa vidogo vidogo vinatoka alielewa. Nikamuuliza kwa nini basi anakwenda kila likizo na kifurushi. Akasema mtu akingoja nyumbani huambiwa ana wazimu, lakini akingoja getini huitwa mjumbe, na yeye alikuwa anatafuta tu mahali pa kukungojea ambapo watu hawatamwonea huruma.

Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili. Kwa sasa anawajua watu kwa umbo na mwendo. Likizo ijayo sijui kama atakuona.

Kwa hiyo kamati imekaa. Mwalimu aliandika kurudi kwako kuwa ajenda ya kwanza, na hakuna aliyepinga, hata Shabani. Tunafunga Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Barua hii anakuletea Shabani mwenyewe, na lori atakalopanda kurudi lina nafasi yako. Kama unaona haya kupita njia ya kijijini, usipite. Atakuleta kwa nyuma, njia ya mtoni, mpaka jikoni kwangu. Utakula, kwa mkono wowote. Kisha filimbi ikilia usitoke na watoto. Waache wapite, wadakwe na mama zao. Wewe utoke baada yao wote, polepole, kwa mwendo wako ule ule, maana yeye humngoja wa mwisho.

Shemeji yako anakuamkia, na watoto, na Mwalimu ambaye hamjaonana bado. Mama hajatuma salamu. Anasema amechoka kuzituma, atakupa mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Mwamvita,
Mwanakamati, Jikoni