Laki Sita za Mabati

Mbulu, 4 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Hamjambo huko Gendabi? Goti la mama je? Mimi mzima, cherehani haipumziki.

Leo nimekutumia laki sita kwenye akaunti. Ni za mabati, baba, si za mbuzi! Mwezeke kabla ya mvua, nimechoka kusikia mama anahamisha kitanda.

Mwanao,
Restituta

Gendabi, 9 Oktoba

Marahaba mwanangu. Tu wazima, goti la mama yako linalalamika lakini linatembea.

Pesa sijaiona. Ila ngoja nikupe ajabu! Margwe, jirani tuliyenuniana naye miaka mitatu, tangu ng'ombe wake walipokula mahindi yangu nami nikalivunja mguu dume lake, jana kaja na kondoo na asali. Anacheka! "Bonaventura, yameisha." Nikajua moyo umemsuta, analipa mahindi. Tumekula, tumeimba. Mwenzangu nilikuwa nimemkumbuka sana, sikusema tu.

Baba yako

Mbulu, 11 Oktoba

Shikamoo baba. Kaa chini kwanza.

Siku ile mlipofungua akaunti pamoja, wewe na Mzee Margwe, kabla hamjanuniana, fomu nilijaza mimi, na namba zenu ziko ukurasa mmoja wa daftari langu. Pesa nimetuma kwake! Jina lilitokea kwenye simu, nikabonyeza bila kusoma. Nisamehe.

Baba, yeye kaona jina langu, kadhani umemlipa dume lake. Na benki wanasema hazirudi mpaka aende mwenyewe akasaini kwamba amekubali. Utamwambiaje?

Mwanao,
Restituta

Gendabi, 23 Oktoba

Marahaba mwanangu. Huku wazima, mvua bado.

Siku tisa sikumwambia. Kila asubuhi anakuja kunywa chai, nami nameza maneno. Mabati niliyataka, lakini kumkosa Margwe mara ya pili niliogopa zaidi. Jumapili mama yako kachoka, kamwambia yeye.

Margwe kaweka kikombe chini. Halafu: "Kwa hiyo dume hukunilipa?"

Nikamwambia, "Na wewe mahindi hukunilipa?"

Alaa! Mzee kacheka mpaka kaegemea ukuta. Akasema, "Mimi nimeshasamehe, nitaanzaje tena kununa? Na kondoo mmeshamla."

Jana tumekwenda Katesh, kasaini, nauli nimelipa mimi. Benki wanasema pesa zitarudi kwako wiki hii. Zikifika zitume tena, mwanangu, ni za mabati, lakini zitume kwake. Nataka aje kuniambia zimeingia.

Baba yako