Picha Ambayo Sikukupiga Darjeeling

Mama yangu mpendwa,

Jumamosi ijayo tunatimiza mwaka mmoja tangu tukuzike, na mwanao Kamau amenipa kazi. Anataka picha yako moja kubwa ya kuweka mezani siku ya ibada ya ukumbusho, hapo nyumbani Kangari. "Wewe ndio uko na picha zake zote za India," aliniambia kwa simu. "Chagua moja yenye anaonekana mzuri." Kwa hiyo nimekaa hapa kwangu Nyeri wiki nzima nikizipitia moja baada ya nyingine, na nimeamua kukuandikia kwa sababu ile ninayoitaka haipo. Mimi ndiye niliyefanya isiwepo. Nadhani ulijua, lakini hatukuwahi kuliongea.

Si kwamba picha ni chache. Katika nyingine uko Pune, nilikokuwa nikisoma, mtaani, umesimama mbele ya ng'ombe aliyelala katikati ya barabara huku magari yakimzunguka. Ng'ombe huyo alikunyima amani siku mbili nzima. Uliingia duka baada ya duka ukiwauliza wenye maduka kwa Kiswahili, "Hii ng'ombe iko na mwenyewe? Nani anaikamua?" Gikuyu ilikuwa lugha yetu ya nyumbani, na kwa hesabu yako Kiswahili kilikuwa cha kila mtu mwingine duniani, Wahindi wakiwemo. Kioja ni kwamba walikujibu, na ukarudi ukaniambia wamesema ni wa hekalu. Sijui mlielewana vipi. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye ukingo wa barabara, nawe ukanikaripia kwamba nitachafua nguo.

Nyingine ni ya stesheni, tukielekea Kolkata kwa gari moshi. Umeshika kile kikombe kidogo cha udongo, chai inatoa mvuke. Wenzetu wote walikuwa wanakunywa na kuvitupa vikombe relini vinavunjika, nawe ukakataa katakata. "Ati mtu ametengeneza kikombe na mikono yake, halafu mimi nivunje?" Ulifika Kangari na vikombe saba, kila kimoja umekivisha soksi. Ulivyokunywa chai ile ulikunja uso kwanza, halafu ukanywa tena, ukasema kwamba miaka yote hiyo umechuma majani bila kujua kuna watu wanayachemsha na tangawizi nyingi namna hiyo. Siku zote mbili za safari ulikaa dirishani mchana kutwa. Mashamba ya mpunga yalipita, wanawake wameinama, watoto wanaswaga mbuzi, nawe ukinielezea kila kitu kana kwamba mimi ndiye mgeni na wewe umezaliwa huko. Sijawahi kuwa na siku ndefu tamu kama hizo mbili, Mama. Nilikuwa na wewe peke yangu, bila shamba, bila kanisa, bila kuku.

Sasa nikizitazama picha hizi zote pamoja, naona kitu kimoja tu. Katika kila moja kitambaa chako cha kichwa kimeshuka mpaka karibu na nyusi.

Mimi ndiye niliyekivuta. Ilikuwa asubuhi ya mahafali yangu, chumbani kwangu bwenini, umevaa ile suti ya buluu uliyoshonewa Kiriaini. Ulikuwa umefunga kitambaa kama kawaida yako, juu, paji lote wazi. Na pajini pako palikuwa na ile alama ya mukwa, ule ukanda wa kubebea mzigo mgongoni, uliokuchimba bonde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuni za kutoka msituni zilipita hapo, na maji, na majani ya chai ya kupeleka kwenye kituo cha kuyapima, na mimi mwenyewe juu ya mzigo nilipochoka kutembea. Niliwaza wenzangu na wazazi wao, nikakuvuta kitambaa chini. Ukauliza, "Sasa mbona unanifunika macho?" Nikasema ndivyo wanavyofunga huku. Ukaniamini, maana mimi ndiye nilikuwa nimesoma.

Lazima niseme pia jambo la Anjali. Yule rafiki yangu wa darasani aliyetualika kwao Darjeeling, nilikuwa nimemwambia kwamba mama yangu ana shamba kubwa la chai. Sikumwambia ni ekari moja na robo, wala kwamba mchumaji ni wewe.

Unakumbuka kulivyokuwa? Gari lilipanda milima saa tatu nzima, kona baada ya kona, na tulipofika juu ukungu ukatupokea na baridi ikatushika masikio. Ukashuka, ukatazama miteremko imejaa chai mpaka chini bondeni, ukanusa hewa, ukasema, "Maitu, si hapa ni Kangari?" Uliniita Maitu, mama, tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nilisikia raha sana siku hiyo. Siku iliyofuata ndiyo niliyoiharibu.

Kesho yake Anjali na mama yake, yule mwalimu mkuu aliyevaa sari ya kijani na kunyamaza sana, walitupeleka kuona shamba. Kwenye mteremko kulikuwa na wanawake wanachuma. Kila mmoja alikuwa na kikapu mgongoni, na ukanda wa kikapu umepita pajini. Ulisimama ghafla. Kisha ukaacha njia, ukashuka kwa hao wanawake na viatu vyako vya kanisani, mimi nyuma yako nikikuita urudi. Ulipofika kwa mmoja wao, mama wa makamo kama wewe, ulivua kitambaa chote. Ukainamisha kichwa ukamwonyesha. Yule mama aliweka kidole kwenye paji lako, akakipitisha polepole, kisha akakuonyesha lake. Mkaanza kucheka nyote wawili. Wengine wakaja, wakakugusa, wakacheka pia. Sijawahi kuona watu wasiojuana wakifurahiana hivyo.

Ukaomba kikapu. Ukauweka ukanda mahali pake, ukaanza kuchuma kwa mikono miwili, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na wale wanawake wakapiga makofi kwa kasi yako. Nilipopanda kurudi njiani, mama yake Anjali aliniuliza kwa sauti ya upole, "Kwani mama yako hufanya kazi hii?" Nikajibu, "Hapana, anacheza tu."

Hapo ndipo uliponiita. "Maitu! Nipige picha moja hapa na hawa mama. Niwapelekee wenzangu akina Mama Wambui huko nyumbani waone, hawataamini."

Nikakuambia simu imezima.

Haikuwa imezima, Mama. Ilikuwa mkobani, na chaji ilikuwa zaidi ya nusu. Sikutaka picha hiyo iwepo. Niliogopa Anjali angeiomba, niliogopa ingefika kwa wenzangu, mama yangu na kikapu na lile paji. Ukasema, "Haya, si neno," ukamrudishia yule mama kikapu chake, mkaagana kwa kushikana mikono yote miwili.

Tulipokuwa garini tukirudi, simu ikalia mkobani mwangu. Nilitamani gari lidondoke bondeni. Alikuwa Kamau, anauliza kama tuko salama. Ulinyoosha mkono, nikakupa, ukaongea naye muda mrefu, ukamwambia umechuma chai ya Wahindi na kwamba wanawake wa huko wanabeba kama sisi. Ulipomaliza ulinirudishia ukasema, "Iweke mzuri, isizime tena." Ulisema bila hasira yoyote, nikashindwa hata kukutazama. Kisha ukatoa kitambaa mfukoni, ukakifunga mwenyewe, ukakivuta chini hadi mahali nilipokuwa nimekuwekea siku ya mahafali.

Na hukukipandisha tena. Nilidhani utakipandisha tukifika nyumbani, lakini ulienda nacho hivyo kanisani, sokoni, hata shambani. Wenzako wakadhani ni mtindo ulioleta kutoka ng'ambo. Kila mgeni akija ulimsimulia habari za Darjeeling, na ukifika kwenye wale wanawake ulisema, "Picha yake ndio haiko. Simu ya huyu ilikuwa imezima." Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nikimimina chai. Ulisema hivyo miaka sita. Sikuwahi kujua kama ulikuwa unanifunika au unaningoja niseme mwenyewe. Nikija kukutembelea kutoka Nyeri nilikuwa najiambia safari hii nitasema, kisha naona umefurahi kuniona, naahirisha. Halafu presha ikakuchukua Jumanne moja, kabla hata sijamaliza kufunga mkoba wa kuja kukuona hospitali.

Mama Wambui na wenzake ndio waliokuvalisha kwa safari ya mwisho. Nilisimama mlangoni. Walikufunga kitambaa chini mpaka kwenye nyusi, wakakinyoosha kwa uangalifu, kwa sababu walijua ndivyo ulivyopenda. Nilitaka kuwaambia wakipandishe, badala yake nikageuka nikawafungulia mlango. Tukakuzika ukiwa umefichwa, na aliyekuficha ni mimi. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri, si kifo chako. Kifo ningekizoea polepole kama watu wengine.

Nisamehe, Mama. Nilikuwa na cheti mkononi, na aliyeubeba mzigo wa kunifikisha kwenye cheti hicho nikamwonea aibu kwa sababu mzigo ulimwachia alama.

Nimempigia Kamau leo asubuhi nikamwambia asiweke picha yoyote mezani. Amekasirika, amesema majirani wataona vibaya, watafikiri hatukuwa na habari na wewe. Nimemwambia awaache waulize. Mama Wambui atauliza, unavyomjua. Nitasimama mbele yao, wanawake wenzako wote wenye alama hiyo hiyo pajini, niwaambie kwamba simu ilikuwa na chaji.

Pumzika, Mama, na ukiweza unipokee siku nitakayokufuata.

Mimi binti yako, uliyeniita Maitu