Duara Nyuma ya Goti

Jumapili, 5 Mei

Mwalimu ana choa! Mume wangu, mtu mzima, anafundisha hesabu, ana duara jekundu nyuma ya goti kama ndama. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mimi daktari wa mifugo, wiki nzima nimetibu ndama thelathini wenye choa, narudi nyumbani nakuta wa thelathini na moja. Amenuna. Nimempa dawa ya kupaka. Anasema mbona haliwashi. Nikamwambia apake tu, asinifundishe kazi.

Jumanne, 4 Juni

Uso wa Mwalimu umekwenda upande. Asubuhi chai inamchuruzika kidevuni, jicho la kushoto halifungi. Nikadhani kiharusi, nikamkimbiza zahanati. Daktari wa zahanati kasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso, utarudi wenyewe.

Wifi yangu kaja na hukumu tayari: kaka yake amelala dirisha wazi. Na dirisha kalifungua nani? Mimi, nani mwingine! Katika nyumba hii hata upepo ni kosa langu.

Jumatano, 12 Juni

Sasa goti limevimba. Tumekwenda kwa daktari wa mifupa. Kasema ni umri. Mtu ana miaka arobaini na moja! Nikamweleza habari ya uso, akasema uso si kazi yake. Mimi ningemtibu ng'ombe mguu nikasema kichwa hakinihusu, wafugaji wangenitoa mbio.

Ijumaa, 14 Juni

Ameanguka darasani, chaki mkononi. Wanafunzi walidhani anatania.

Tuko hospitali. Moyo unapiga mara thelathini na sita kwa dakika. Daktari wa moyo anasema umeme wa moyo unakwama njiani, haufiki chini. Jumatatu wanataka kumwekea betri ya moyo, chini ya ngozi, ya maisha. Nikauliza kwa nini, alikuwa mzima. Akasema hutokea. Hutokea! Uso, goti, moyo, siku kumi tu — na kila mtu anatazama kipande chake.

Aliyeuliza la maana ni nesi wa zamu. Aliwahi kuumwa na kupe? Nikamjibu harakaharaka kwamba mwenye kupe ni mimi, mume wangu hakanyagi zizini. Akauliza tena, taratibu, kama aliwahi kupata alama ya mviringo kwenye ngozi.

Nilitaka ardhi inimeze.

Jumamosi, 15 Juni

Haikuwa choa. Choa kina magamba, kinawasha. Lile lilikuwa laini, likapanuka kimyakimya, na mimi nikaona ndama kwa sababu nilikuwa nimeona ndama wiki nzima. Mjinga mimi!

Na kupe kamfikia vipi? Ovaroli zangu. Nazitundika chumbani, na anayefua katika nyumba hii ni yeye. Huzikumbatia zote kwa pamoja, amevaa kaptula. Kupe mchanga ni mdogo kama mbegu ya ufuta, nani amwone? Nimemletea mwenyewe, kwa mikono yangu.

Nimemweleza daktari wa moyo: vijidudu vya kupe vinaweza kupooza uso, kuvimbisha goti, kuzuia umeme wa moyo, na dawa ikiwahi moyo hurudi, betri haihitajiki. Akatabasamu, eti hapa hawatibu ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe wangu wangekuwa wameshapimwa! Nesi akakohoa ili asicheke.

Mwishowe amekubali. Damu imechukuliwa, dawa ya kuua vijidudu imeanza kupita mshipani saa saba mchana. Majibu? Siku kumi! Damu inapelekwa maabara ya mbali. Na Jumatatu yake ya betri iko palepale.

Mwalimu nimemwambia yote. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo: "Kumbe kweli mimi ni wa thelathini na moja." Nimelia kama mtoto.

Jumapili, 16 Juni

Mapigo thelathini na tisa. Yamepanda, au najidanganya?

Wifi anataka betri iwekwe yaishe. Kaniuliza, nikikosea tena je? Hilo "tena" limenichoma. Nimeshika mkono wa Mwalimu, nikahesabu mapigo upya.

Jumatatu, 17 Juni

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika kando ya kitanda. Machela iko mlangoni, fomu ya kukubali betri iko mapajani mwa Mwalimu. Mapigo arobaini na nne.

Daktari anasema arobaini na nne bado si moyo wa kutegemea. Tukitaka kungoja siku mbili zaidi atatuachia mashine ya kuangalia mapigo, lakini moyo ukisimama tusiseme hatukuambiwa. Ana haki, ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwalimu kashika kalamu. "Dakta, nisaini nisisaini?" Kaniuliza hivyohivyo, kama anauliza aweke sukari ngapi.

Nikamwambia aweke kalamu chini. Akaiweka. Papo hapo! Hakuuliza nina hakika kiasi gani, hakuuliza hata kwa nini. Uliza basi, wewe mtu! Uliza, kama ulivyouliza mbona haliwashi!