Hanne Amepita Bila Kupingwa

Mechelen, Ubelgiji
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa dada Godelieve,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti la shemeji Rodrigo linaendeleaje? Na watoto, bado wanakataa samaki huku wanaishi Chile, hatua chache tu kutoka baharini? Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia, kelele zake bado. Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma, na ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Namwonea wivu Hanne. Basi, nimeshalisema. Mdogo wetu, niliyemfundisha kuandika programu kwenye meza ya jikoni ya Mama, leo ndiye mkuu wa Wijzer.

Unaijua Wijzer, programu yangu ya kupanga tarehe na saa. Niliianza peke yangu nikaitoa bure, kila mtu aisome, aitumie na kuirekebisha apendavyo. Siku hizi imo ndani ya mashine za tiketi, ndani ya lifti, na sijui wapi tena. Tunaitunza watu wachache tu, mimi na Hanne huku, wengine kila mmoja nchini kwake, tukishatoka kazini.

Sasa Umoja wa Ulaya umetunga sheria ya usalama wa programu. Anayeuza kitu chenye programu ndani yake atawajibika kasoro zikionekana. Sisi tunaotoa bure hatukubanwa hivyo, lakini makampuni yameingiwa na hofu, na kila mara yanatuandikia yakitaka tuyahakikishie hili na lile, utadhani tuliyauzia. Tukaona afadhali tuunde shirika dogo la kuisimamia Wijzer, liwe na mtu mmoja wa kuisemea.

Nilijua ni mimi. Nani mwingine?

Kumbe kuna kamati za viwango, hukutana Brussels, nazo ndizo zinazoandika kwa undani jinsi ya kuitimiza hiyo sheria. Kule huingii kwa kuwa uliandika programu, unaingia kwa mgongo wa kampuni au taasisi. Hanne ameajiriwa na kiwanda cha lifti, kiwanda kina kiti, basi Hanne amekikalia. Anarudi na beji shingoni na haivui hata mezani. Juzi Mama alipika sungura kwa bia, na paja, ambalo limekuwa langu tangu Baba afariki, likaenda kwenye sahani ya Hanne. Nilipolikodolea macho, Mama akasema, "Mwache mwenzio ale, ametoka kuwatetea. Wewe umetoka wapi, chumbani?"

Nikala viazi vyangu.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba kazi anaiweza. Rasimu moja ilitaka hata wanaotoa bure wabebe mzigo uleule wa wanaouza. Hanne alibishana nao taratibu, kikao baada ya kikao, mpaka wakaufuta ule mstari. Mimi ningepiga meza na kutoka siku ya kwanza, nao wangeuacha palepale.

Basi Bogna, mwenzetu wa Poland, akawaandikia wote akipendekeza Hanne awe mkuu wa shirika. Nikanuna. Sikujibu hata neno moja. Nilitaka ukimya wangu uwakere, waulizane Lieven ana nini, kisha waje kunibembeleza. Nilishapanga hata namna ya kukataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili.

Hakuna aliyekuja. Sisi, dada, hatupigi kura. Mtu akitoa pendekezo na wiki ikaisha bila wa kupinga, limepita, asiyesema amekubali. Kanuni hiyo niliiweka mimi mwenyewe, nilipochoka na mabishano yao, na hasira ikanifanya niisahau. Jumatatu asubuhi nikakuta imetangazwa kwamba Hanne amepita bila kupingwa, na kwamba hata mwanzilishi ameridhia. Watu wakaanza kunisifu kwa moyo wangu mkubwa.

Jioni hiyo Hanne akaja kwangu na keki ya tufaha. Hata koti hakuvua. "Kaka, nilijua utapinga," akasema. "Nilishajiandaa kujitoa, maana bila wewe nisingekubali. Kumbe umeniachia." Akaanza kulia, nami nikawa nampigapiga mgongoni. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nimenuna tu?

Sikumwambia, na wewe usimwambie. Mama naye asijue, maana atanisimanga mpaka Krismasi.

Sasa kikao kijacho Hanne ameruhusiwa kuingia na mgeni mmoja wa kusikiliza, asiyeruhusiwa kusema. Ameniomba mimi. Nimekubali, na koti nimeshalipeleka kwa dobi. Nitakaa nyuma yake nimsikilize akiitetea programu yangu kwa maneno ambayo mimi nisingeyapata. Niombee asikosee, dada. Na akikosea, niombee nisifurahi.

Nisalimie sana shemeji Rodrigo, Ynés na Benicio. Mjomba Gust anakusalimu na kuuliza kama huko mnapata bia ya kueleweka. Mungu awafunike kwa amani yake, na wewe akuongezee subira ya kuwa na ndugu kama mimi.

Ndugu yako akupendaye, wiki hii kuliko anavyompenda Hanne,

Lieven