Vua Cheo, Uoge

Zaituni mjukuu wangu,

Huku Masese tuko wazima, babu yako bado anakoroma. Ati unauliza kama mwanamke shupavu anaweza kukubali mama mkwe amkande baada ya kuzaa? Swali gani hilo, wewe!

Nilipomzaa mama yako, wauza samaki wenzangu walikuwa wakiniita Afande kwa ukali wangu. Jirani yangu Mariamu akaleta maji ya moto. Nikamwambia, "Sitaki, mimi nina nguvu."

Akasema, "Afande, vua cheo, uoge!"

Nilicheka mpaka nikalia, naye akanikanda taratibu huku akiniimbia. Niliporudi sokoni, niliwafokea wateja vilevile. Nguvu haikwenda popote.

Basi lala mkekani, ukandwe. Ukitaka kulia, lia kwa sauti, mtaa wenu wote wa Malukhu usikie.

Bibi yako,
Halima