Namba Kumi na Saba

Jumapili. Baridi imeingia Johannesburg bila hodi, na tangu asubuhi nimekaa mbele ya cherehani na koti mabegani. Leo hakuna mechi. Msimu umekwisha, na niseme ukweli, umeniacha hoi.

Tumeshinda mechi mbili tu. Mbili, tangu joto lianze mpaka majani yanaanguka.

Mtu wa Tanga kushabikia besiboli ni kichekesho, najua. Rafiki zangu msikitini hunitania kwamba nafuata watu wanaopiga kimpira kwa gongo kisha wanakimbia kama wamevunja kioo cha jirani. Lakini mimi sikufuata gongo. Nilimfuata mwanangu Sefu, mrushaji wa timu yetu ya hapa Troyeville. Kazaliwa huku huku. Kiswahili anakielewa, ila hunijibu kwa Kiingereza, na nyumbani hatuna maneno mengi. Uwanjani ndiko alikoanza kunifundisha: huyu katoka, yule kafika kituo cha pili, na hapana Baba, mchezo huu hauna sare. Tulikuwa tukirudi nyumbani tunabishana njia nzima.

Msimu huu tulirudi kimya.

Besiboli inataka watu tisa. Mechi za mwisho walifika sita. Wengine wamepata kazi za Jumapili, wengine wamechoka tu kufungwa. Mara mbili tumehesabiwa tumeshindwa kabla mpira haujarushwa. Nilimlaumu kila mtu moyoni, hata Sefu, ambaye mkono wake ulikuwa umechoka kwa kurusha peke yake. Nakiri hapa kwa sababu mbele yake sijathubutu.

Kila msimu ukiisha, jezi huletwa kwangu mimi fundi wao, nizibe matundu na kukaza namba kwa ajili ya msimu unaofuata. Jana nahodha, Mkongomani mmoja mpole, aliniletea mfuko kwenye karakana yangu Jeppestown. Hakukaa hata kunywa chai.

"Papa, toa tu manumero yote," akasema. "Jezi tutapatia watoto ya kanisa. Ekipe imekwisha."

Nikaubeba mfuko mpaka nyumbani, na leo asubuhi nikaanza na kumi na saba, jezi ya Sefu, ili lile gumu liishe kwanza. Nilifumua uzi mmoja mmoja kwa wembe. Namba ikatoka, lakini haikuondoka. Jua la miaka minne limepausha kitambaa chote isipokuwa pale ilipofunika. Kumi na saba imebaki palepale, buluu iliyokolea, kama siku niliyoishona.

Sefu akaamka, akasimama nyuma yangu, akaigusa kwa kidole. Nilingoja Kiingereza.

"Baba, rudisha."

Nikamwambia timu haipo tena, nahodha mwenyewe kasema. Akavuta kiti, akakaa, akayatafuta maneno taratibu.

"Mimi na wewe tuko wawili. Bado saba."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Goti langu bovu, macho ya miwani, na gongo sijawahi kulishika. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano.

Namba imerudi mahali pake. Nimechoka, mgongo unauma, na mfuko wa jezi sijaugusa tena. Najiuliza tu: kwa umri huu, nitafika kituo cha kwanza?