Flamingo Sebuleni kwa Shosho

Kihara, pokea taarifa hii kwa utulivu. Ninakuandikia nikiwa sakafuni, na siwezi kuinuka.

Unakumbuka nilivyomfundisha nyanya yangu, Shosho, yoga kwa sababu ya kiuno chake? Kukaa wima ukutani na kupumua, hiyo niliitoa kwenye video. Lakini ile ya mwisho, "Flamingo Anatafuta Chakula", niliibuni mwenyewe ili nimrekodi tucheke.

Kiuno kimepona! Kimepona, Kihara! Akatoa ushuhuda kanisani, Lanet nzima ikasikia.

Leo kina mama wa kanisa wakajaa sebuleni kufundishwa yoga hiyo, wakatandika leso sakafuni. Mama Eucabeth, yule wa magoti mabovu, akaanza kuinama. Flamingo! Na magoti yale! Nikapiga kelele, "Mathe, ngoja! Wacha niwaonyeshe kwanza!"

Sikuwa nimewahi kuijaribu. Niliinama, nikainua mguu nyuma, mgongo ukalia ka!

Sasa wananiombea. Wananiombea kwa sauti. Nikamvuta Shosho, nikamnong'oneza ukweli wote.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukinirekodi."

Kisha akainua simu yake juu ya uso wangu.

"Pumua polepole, mwalimu. Na utabasamu kidogo."